Una Lori, Canter au Basi? Chagua Programu ya Ramani Vizuri Kabla ya Kulipia

Simu yako inaweza kukutoa Mombasa hadi Malaba bila kuuliza mtu njia hata mara moja. Shida ni kwamba programu nyingi za ramani hudhani unaendesha gari dogo. Kama uko kwa Vitz, hakuna neno. Lakini kama umebeba kontena la futi 40, ama una basi la shule lenye watoto 50, hiyo "njia fupi" inaweza kukuingiza mahali ambapo huwezi kupita na pia huwezi kugeuza.

Ndiyo maana kuna programu za ramani zilizotengenezwa kwa ajili ya magari makubwa. Nyingi zinataka malipo ya kila mwezi au kila mwaka, na siku hizi unaweza kuzilipia moja kwa moja kutoka kwa simu yako. Hapo ndipo sisi tunaingia. Kabla hujabonyeza PIN, hebu tupitie somo hili pamoja. Lina hatua nne: pima, linganisha, jaribu, halafu ulipe. Ukianza na kulipa, utakuwa unanunua kitu ambacho hujui kama kinalijua gari lako wala barabara zako.

Kwa nini ramani ya kawaida haitoshi?

Tuanze na zile tunazozijua sote. Google Maps ni ya bure, inaonyesha foleni, na hapa Kenya ina njia ya gari, ya pikipiki, na ya kutembea kwa miguu. Ya lori haina. Waze nayo inakuuliza kama una gari la kibinafsi, teksi au pikipiki, basi. Hakuna mahali pa kuiambia kwamba mzigo wako una urefu wa mita 4 na zaidi kutoka chini hadi juu.

Hilo linaleta shida tatu.

*Ya kwanza ni nafasi.* Programu ikiona barabara ya mtaani itaokoa dakika 4, inakupeleka huko. Haijui kwamba kona ya mbele haiwezi kumeza trela, au kwamba nyaya za stima zimelegea, au kwamba daraja dogo la mtaani halijajengwa kubeba tani 40.

*Ya pili ni muda.* Dakika unazoonyeshwa ni za gari dogo. Magari ya abiria na magari ya biashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 yanatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Ongeza mlima na mzigo, na ule muda wa kwenye skrini unakuwa ndoto tu.

*Ya tatu ni sheria.* Ramani ya gari dogo haina habari na mizani. Inaweza kukuchorea njia ya kando inayozunguka mizani bila wewe kujua, na kukwepa mizani ni kosa chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2016 ya kudhibiti uzito wa magari. Afisa hatasikiza ukimwambia ni simu iliyokuambia upite huko.

Tuiweke kwa pesa ndiyo ieleweke. Tuseme lori lako linakunywa lita 1 kila kilomita 2, na dizeli ni shilingi 170 kwa lita. Ukipotezwa kilomita 10 na ukarudi kilomita 10, hizo ni lita 10, yaani shilingi 1,700. Hapo hatujahesabu muda, wala kioo kilichovunjika ukirudi rivasi, wala mteja aliyefunga godauni na kwenda nyumbani.

Hatua ya 1: Pima gari lako

Programu ya lori haina macho. Inajua tu kile ulichoiandikia. Ukiacha vipimo vilivyokuja na programu, umelipia ramani ya lori la mtu mwingine. Tafuta futi kamba, mwite taniboi wako akushikie upande mmoja, na mwandike vitu hivi vitano:

- Kimo: kutoka chini hadi sehemu ya juu kabisa ya gari ikiwa na mzigo. Keria, turubai na nguzo za juu zote zinahesabiwa.
- Upana: sehemu pana zaidi, pamoja na vioo vya pembeni.
- Urefu: kutoka bampa ya mbele hadi mwisho wa trela. Kama mzigo umetokeza nyuma, pima hadi mwisho wa mzigo.
- Uzito wote: gari pamoja na mzigo. Karatasi ya mizani ya safari iliyopita itakusaidia.
- Ekseli: ni ngapi, na kila moja inabeba kiasi gani.

Kuhusu uzito, kumbuka viwango vya Afrika Mashariki. Ekseli ya usukani mwisho ni tani 8. Ekseli moja yenye magurudumu manne ni tani 10. Ekseli mbili pamoja ni tani 18, na tatu pamoja ni tani 24. Uzito wa juu kabisa wa gari lote ni tani 56, na huo ni wa gari lenye ekseli 7. Unaweza kuwa chini ya uzito wote lakini ukashikwa kwa ekseli moja iliyozidi, kwa sababu mzigo ulipangwa vibaya. Hilo programu haiwezi kukuambia.

Kimo nacho kinabadilika kila safari, na hapa ndipo watu huumia. Chukua kontena la kawaida: lina kimo cha mita 2.59. Lile refu, ambalo kwa nje linafanana nalo kabisa, lina mita 2.90. Kama kitanda cha trela kiko mita 1.5 kutoka chini, kontena la kwanza linakupa mita 4.09. La pili linakupa mita 4.40. Hizo ni sentimita 31 za tofauti, ilhali ni trela ileile, dereva yuleyule na barabara ileile. Leo umepita chini ya daraja la waenda kwa miguu bila wasiwasi, kesho unaligonga.

Kwa hivyo usipime mara moja na kusahau. Kila ukibadilisha mzigo, badilisha kimo kwenye programu kabla ya kuwasha injini.

Jambo dogo lakini muhimu: angalia kama programu inatumia mita na tani, ama futi na ratili. Futi moja ni mita 0.3048, kwa hivyo futi 14 ni kama mita 4.27. Ukiandika 14 mahali panapotaka mita, programu itadhani unaendesha ghorofa na itakuambia hakuna njia. Ukiandika 4 mahali panapotaka futi, itadhani una mkokoteni na itakupitisha popote.

Hatua ya 2: Linganisha programu

Hakuna programu moja iliyo bora kwa kila mtu. Hizi hapa ni zile utakazokutana nazo sana, na kazi ya kila moja.

*Google Maps.* Ya bure. Nzuri kwa foleni, kwa kutafuta majina ya maeneo, na kwa kuongeza vituo vya kati ili uilazimishe kupita barabara unayotaka. Unaweza pia kuiambia iepuke barabara za kulipia na feri. Ramani inaweza kupakuliwa utumie bila intaneti, lakini ukiwa bila intaneti hutaona foleni. Haijui ukubwa wa gari lako.

*Waze.* Ya bure pia. Nguvu yake ni habari kutoka kwa madereva wenzako walio mbele: ajali, gari lililoharibika, barabara iliyofungwa. Inahitaji bando muda wote. Haina lori.

*OsmAnd.* Hutumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wanaojitolea kote duniani. Ina chaguo la lori, na unaweza kuandika kimo, upana, urefu na uzito. Inafanya kazi bila intaneti ukishapakua ramani. Ile ya bure inakuwekea kikomo cha idadi ya ramani unazoweza kupakua, na ukitaka zaidi unalipa. Sura yake inahitaji subira kidogo mwanzoni.

*Sygic, ile ya malori.* Imetengenezwa kwa ajili ya magari makubwa. Unaandika vipimo vya gari, ramani inakaa ndani ya simu, na sauti inakuelekeza. Hii ni ya kulipia, lakini kwa kawaida wanakupa muda wa kuijaribu bure kwanza.

Kuna nyingine nyingi za malori kwenye duka la programu, na nyingi zina nyota za kutosha. Kuwa makini. Baadhi ni za nchi fulani tu. Kwa mfano, Trucker Path inasifiwa sana, lakini imetengenezwa kwa madereva wa Marekani na Kanada. Nyota 5 za dereva wa Texas hazitakusaidia Webuye.

Kabla ya kuchagua, uliza kila programu maswali haya:

1. Je, Kenya imo? Na kama unavuka mpaka, Uganda, Tanzania na Rwanda zimo?
2. Je, naweza kuandika vipimo vya gari langu mwenyewe, na kuvibadilisha kila safari?
3. Je, inafanya kazi bila intaneti?
4. Je, naweza kuvuta njia kwa kidole au kuongeza kituo, ili nichague barabara mimi mwenyewe?
5. Je, kuna muda wa kujaribu bure?

Swali la pili na la nne ndiyo uti wa mgongo. Programu isiyokuruhusu kuandika vipimo si ya lori, hata kama ina picha ya lori kwenye nembo. Na programu isiyokuruhusu kubadilisha njia inataka uiamini kuliko macho yako.

Hatua ya 3: Ijaribu kwa barabara unayoijua

Hapa tuseme ukweli ambao matangazo hayatakuambia. Programu ya lori inafanya kazi kwa vitu viwili: vipimo vyako, na habari zilizo ndani ya ramani. Ukiandika kimo cha mita 4.40, programu inatafuta madaraja yaliyoandikwa kimo cha chini ya hapo na kuyakwepa. Kama daraja halijaandikwa kimo kwenye ramani, kwa programu ni kama daraja hilo halipo.

Ulaya na Marekani, vimo vya madaraja na uzito unaoruhusiwa vimejazwa kwenye ramani kwa miaka mingi. Hapa kwetu barabara kuu zimechorwa vizuri, lakini za mitaani na za mashambani mara nyingi hazina habari hizo. Kwa hivyo usichukue ukimya wa programu kama ruhusa ya kupita.

Njia ya kuijua programu ni kuijaribu kwa barabara ambayo tayari unaijua kama kiganja chako. Fanya hivi ukiwa umekaa nyumbani, gari limezimwa:

- Jaribio la ramani mpya. Weka safari ya kutoka Miritini hadi Ukunda. Barabara ya Dongo Kundu inakuvusha hadi upande wa Kwale bila kugusa feri ya Likoni. Kama programu haiijui kabisa, ramani yake ni ya zamani. Angalia pia Makupa: daraja jipya lilifunguliwa mwaka wa 2022 na kuchukua nafasi ya ile njia ya zamani ya kujazwa udongo. Likikosa kuonekana, jibu unalo.
- Jaribio la ukubwa. Chagua mahali katikati ya mji ambapo unajua lori haliingii. Weka safari ya huko kwa gari dogo, kisha uiweke tena kwa vipimo vya lori lako. Njia mbili zikifanana kabisa, programu haijui kitu kuhusu eneo hilo.
- Jaribio la mlima. Weka safari ya Nairobi hadi Nakuru. Unajua kuna njia ya juu ya Kinungi na ile ya kuteremka Mai Mahiu. Tazama programu inachagua ipi, na kama inakuruhusu kuchagua nyingine bila kung'ang'ana.
- Jaribio la muda. Chukua safari uliyoifanya wiki iliyopita na ambayo unajua ilichukua muda gani. Linganisha na muda wa programu.

Hilo jaribio la mwisho lina faida kubwa. Tuseme programu inasema masaa 8 na wewe hutumia masaa 11. Gawanya 11 kwa 8, unapata karibu 1.4. Kuanzia leo, kila muda unaoonyeshwa zidisha kwa 1.4 kabla ya kumwahidi mteja. Mwenye mzigo atakuheshimu zaidi ukimwambia "nitafika kesho asubuhi" na ufike, kuliko kumwambia "usiku" kisha uzime simu.

Muda huo pia ni usalama wako. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Ukienda kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa, hayo ni masaa 10 na dakika 40. Sheria ya trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara au la abiria kuendesha zaidi ya masaa 8 katika kila masaa 24. Kwa hivyo hata kama skrini inasema unaweza kumaliza safari leo, panga mahali pa kulala, ama mwende madereva wawili.

Hatua ya 4: Sasa lipa, lakini kwa hesabu

Umepima, umelinganisha, umejaribu. Programu imepita. Sasa tuongee pesa.

*Anza na mwezi mmoja.* Malipo ya mwaka huonekana rahisi, na mara nyingi ni rahisi kweli. Lakini piga hesabu kwanza. Tuseme mwezi ni shilingi 1,500 na mwaka ni 6,000. Bei ya mwaka ni sawa na miezi 4. Kama unasafiri kila wiki, mwaka unakufaa. Kama kazi yako ni ya msimu, miezi 3 ya kubeba mavuno, utalipa 4,500 kwa mwezi-mwezi na kubaki na 1,500 yako. Hizi ni namba za mfano, weka zako.

*Chagua mahali pa kulipia.* Kwenye duka la programu la Google, mteja wa Kenya anaweza kulipa kwa pesa za simu, na bei huonyeshwa kwa shilingi. Ukilipa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, mara nyingi bei ni ya dola au yuro, na utahitaji kadi. Kama unatumia kadi pepe iliyounganishwa na pesa zako za simu, weka kiasi unachohitaji tu. Na ujue kwamba bei ya dola inapanda na kushuka, kwa hivyo mwezi ujao shilingi zinaweza kuwa tofauti.

*Soma kabla ya PIN.* Ombi la malipo likitokea kwenye simu, angalia vitu viwili: jina la anayelipwa na kiasi. Kimoja kikiwa tofauti na ulichotarajia, ghairi. Hakuna haraka ya ramani inayozidi pesa zako.

*Jua jinsi ya kusitisha.* Usajili mwingi hujirudia wenyewe hadi uuzime. Muda wa bure ukiisha, unaanza kukatwa. Na kufuta programu kwenye simu hakuzimi malipo! Lazima uingie kwenye duka la programu, uguse picha yako, uende sehemu ya malipo na usajili, uchague programu hiyo na uisitishe. Weka kengele kwenye simu siku mbili kabla ya muda wa bure kuisha. Ukinunua kwenye duka la Google na ujute mara moja, omba kurudishiwa pesa ndani ya masaa 48.

*Akaunti ni ya nani?* Hili ni la wenye magari. Ukilipia programu kwenye akaunti ya Google ya dereva, siku dereva akihama anahama na ramani. Malipo hayahamishwi kutoka akaunti moja hadi nyingine. Ni afadhali gari liwe na simu yake na akaunti yake, nawe ubaki na nenosiri. Halafu weka gharama hiyo kwenye kitabu cha gari, pamoja na mafuta na magurudumu. Usimwachie dereva ailipie kwa posho yake ya chakula, maana ikiisha hataifufua.

Jihadhari na programu za "bure kabisa"

Kuna mtu atakutumia kwenye kikundi cha WhatsApp faili ya programu ya lori, "imefunguliwa, haulipi chochote". Usiiweke kwenye simu yako. Hiyo simu ndiyo benki yako. Ina laini yako, jumbe zako na pesa zako. Programu iliyochezewa inaweza kuja na kitu ndani yake kinachosoma SMS zako au kurekodi unachobonyeza.

Kanuni ni rahisi:

- Pakua kutoka kwa duka rasmi la programu pekee.
- Programu ya ramani inahitaji kujua mahali ulipo. Hilo ni sawa, ndiyo kazi yake. Haihitaji kusoma SMS zako. Ikiomba, kataa na uifute.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako ama nambari ya uthibitisho uliyotumiwa kwa SMS, hata akisema anakusaidia kuweka ramani.
- Mtu akikupigia kusema usajili wako umekwama na utume pesa kwa nambari fulani, kata simu. Angalia mwenyewe kwenye duka la programu.

Ongeza ujuzi wako kwenye ramani

Tumesema ramani zetu zina mapengo. Habari njema ni kwamba wewe na wenzako mna majibu. Karibu kila programu inakuruhusu kuhifadhi mahali na kupaandikia jina. Tumia nafasi hiyo kuhifadhi vitu vinne:

1. Mizani. Kwenye barabara ya Mombasa hadi mpakani weka Mariakani, Athi River, Gilgil, kisha Webuye au Busia kulingana na mpaka unaovukia.
2. Miteremko. Sachangwan hadi Salgaa, Mai Mahiu, na ile ya Daraja la Nithi kama unaenda Meru. Andika mahali ambapo gia inashushwa *kabla* ya mteremko kuanza.
3. Mahali pa kulala na kuegesha. Palipo na mlinzi, taa na nafasi ya kugeuza trela.
4. Mahali pabaya. Daraja la chini, kona isiyopitika, barabara inayofurika mvua ikinyesha.

Usidharau namba mbili. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliingia kwenye watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafariki. Mzigo na mteremko havimsubiri mtu atazame skrini. Dereva mgeni kwenye barabara anahitaji kujua mteremko uko wapi dakika kadhaa kabla, na alama uliyoihifadhi inaweza kumwambia hivyo hata kama programu yenyewe iko kimya.

Ukipata dereva mpya, mpe simu ya gari ikiwa na alama hizo tayari. Ni kama kumpa miaka yako ya barabara kwa siku moja.

Ukiwa barabarani

- Weka njia yote kabla ya kuondoka. Pitia kona zote na taniboi, mjue mnapita wapi.
- Simu ikae kwenye kishikio, chini ya usawa wa macho, na chaji iwe imeunganishwa. Kutumia simu mkononi gari likitembea kuna faini ya papo hapo ya shilingi 2,000. Tumia sauti.
- Pakua ramani ukiwa kwa Wi-Fi nyumbani au ofisini. Usimalize bando kwa kupakua nchi nzima ukiwa Mtito Andei.
- Programu ikikuambia ukate kona ghafla kuingia barabara usiyoijua, usikate. Endelea na barabara kuu, tafuta mahali pa kusimama, halafu uangalie.
- Kibao cha barabarani kina nguvu kuliko skrini. Kikisema mwisho mita 4, ni mita 4.
- Ukiwa na shaka, simama, umshushe taniboi atazame. Dakika 5 za kutazama ni bei nafuu.

Zoezi la wiki hii

Usilipe chochote bado. Wiki hii fanya mambo matatu: pima gari lako na uandike vipimo vitano kwenye karatasi ubandike ndani ya kebini, pakua programu mbili zenye muda wa kujaribu bure au toleo la bure, na uzipitishe kwenye majaribio manne ya hapo juu. Itakayokushindia kwa barabara *zako*, na kwa gari *lako*, hiyo ndiyo ulipie mwezi mmoja. Zote mbili zikianguka, baki na ramani ya bure, alama zako mwenyewe, na simu moja kwa dereva aliyepita huko jana.

Kama somo hili limekusaidia, mtumie dereva mmoja ama mwenye gari mmoja unayemjua. Safari njema, na PIN yako ibaki siri yako.